Andika Hata Kama Hukuona Kitu

Daftari la mvua likiletwa mezani, sisi tunaoyakagua hatukimbilii kuangalia siku ya mvua kubwa. Tunatafuta sifuri. Daftari lenye milimita 48.2 hapa, 31.0 pale, na nafasi tupu katikati, haliwezi kukuambia kama siku zile kulikuwa kukavu au msomaji wa kipima mvua alikwenda harusini. Lakini lile lenye 0.0 iliyoandikwa kwa mkono siku baada ya siku, Januari nzima, hilo lina mtu nyuma yake. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye kazi hii, kisichokuwapo nacho kina mstari wake.

Jambo lenyewe linaonekana dogo. Ukiisoma historia ya sayansi Uganda, hata hivyo, utakuta limebeba ugunduzi mkubwa zaidi ya mara moja. Kwa zaidi ya miaka 120 watu wa kawaida wa nchi hii, yaani machifu, makatekista, wavuvi, wauguzi na walimu wa shule za msingi, wamekuwa wakikusanya maarifa ambayo baadaye yalichapishwa kwa majina ya wengine. Kila mara kazi yao ilipozaa matunda, palikuwa na mtu aliyekubali kuleta jibu la "kwetu hakuna", na mwingine aliyekubali kulipokea kama jibu kamili.

Tuanze na malale. Mwaka 1901 Albert Cook na nduguye Jack, madaktari wa hospitali ya Mengo, waliwaandika wagonjwa wa kwanza. Ugonjwa ulikuwa ukifyeka Busoga na mwambao wa Buganda kwenye Ziwa Viktoria, na kabla haujatulia ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000. Dhana ya mwanzo, ambayo daktari Patrick Manson aliitetea kutoka London, ilisema chanzo ni mnyoo mdogo wa damu aina ya filaria. Tume ya kwanza ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, ilifika 1902 ikiwa na George Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Christy akazunguka akichukua damu ya wagonjwa na ya wazima. Alikuta mahali penye mnyoo pasipo na malale, na upande wa Kavirondo, ambako sasa ni magharibi mwa Kenya, akakuta malale pasipo na mnyoo. Dhana ikafia hapo. Haikuuawa na darubini bora wala na hoja ya mtu. Iliuawa na vijiji ambavyo mnyoo ulitafutwa na haukupatikana.

Castellani aliona vimelea vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo Novemba 1902. Mwaka uliofuata akaja David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ambaye tangu Zululand huko Afrika Kusini alikwisha kujua kwamba mbung'o ndiye anayesambaza nagana ya ng'ombe. Swali likawa: mbung'o wako wapi, na malale iko wapi? Maofisa wachache waliokuwa Entebbe wasingeweza kuizunguka nchi nzima. Bruce akapitia kwa Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, kwa machifu na kwa wamisionari, akiomba kila eneo lilete nzi wake pamoja na jina la mahali walipokamatwa. Vifurushi vikamiminika. Zikachorwa ramani mbili, moja ya nzi na moja ya ugonjwa, zikalandana: visiwa, mwambao wa ziwa, kingo za mito yenye miti. Ukiingia bara, nzi hakuna, malale hakuna.

Hapa pana somo la ufundi ambalo wengi hulipita. Nguvu ya ramani ile haikuwa kwenye vifurushi vyenye mbung'o peke yake. Vifurushi visivyo na mbung'o navyo vilihesabiwa, na ndivyo vilivyochora ukingo. Kifurushi kilichojaa nzi wengine bila mbung'o hata mmoja kinathibitisha kwamba pale mtu alitafuta kweli, akakamata alichokikuta. Laiti machifu wangeombwa walete mbung'o tu, wale wa bara wangekaa kimya, na ukimya wao ungesomeka kwa namna tatu: hakuna nzi, au chifu hakujali, au tarishi alipoteza mzigo.

Kisha kuna upande mchungu. Kuanzia mwisho wa 1906 Hesketh Bell, kamishna wa Uganda aliyekuja kuwa gavana, aliamuru watu wahamishwe kutoka ukanda wa ziwa, na baadaye visiwa navyo vikaachwa vitupu. Maarifa yaliyotoka mikononi mwa watu wa mwambao yakawarudia kama amri ya kuacha mitumbwi, nyavu na makaburi ya wazee wao. Mtu akikuambia kushirikisha umma katika sayansi ni jambo jema lenyewe kwa lenyewe, mkumbushe visiwa vya Ssese na Buvuma. Kukusanya taarifa ni nusu ya ushiriki. Nusu nyingine ni kuwa na kauli juu ya kitakachofanywa nazo.

Hatua ya pili ni hospitali ya Mulago, Kampala. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alianza 1957 kuwatilia maanani watoto wenye uvimbe wa ajabu wa taya, akachapisha maelezo yake 1958. Ili kujua uvimbe huo unapatikana wapi, alitengeneza karatasi yenye picha, akaituma kwa posta kwa hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika: mmewahi kuwaona watoto kama hawa? Swali moja, picha wazi, hakuna lugha ya kitaalamu inayomfanya muuguzi wa pembezoni aogope kujibu. Waliosema ndiyo walimpa orodha. Waliosema hapana walimpa mpaka. Oktoba 1961 yeye, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, wakasafiri wiki 10 na maili zipatazo 10,000, hospitali kwa hospitali, wakiufuata mpaka huo kuelekea kusini.

Walichokipata ni kwamba katika Afrika Mashariki uvimbe haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini kimo hicho kilishuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu wa Entebbe, aliona maana yake: kinachozuia si kimo bali baridi. Mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi, au mvua ya mwaka haifiki milimita 500, ugonjwa haupo. Hapo ndipo fikra za virusi na za mbu zilipoingia. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, wakiwa London, waliona virusi katika seli za uvimbe uliotoka Uganda kwa ndege. Mbu hakuwa mbebaji wa virusi hivyo, lakini malaria anayoieneza ilikuja kuonekana ni sehemu ya kisa. Nyanda za juu za Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, zilizokuwa karibu hazina wagonjwa, zilichangia jibu hilo sawa na West Nile iliyokuwa nao wengi.

Ila si kila "hapana" ina uzito sawa. Hospitali inayowaona watoto 20 kwa mwezi ikisema haijaona uvimbe, haijakuambia mengi. Kwa hiyo fomu yoyote tunayoitengeneza ina safu ya jasho: ulitafuta kwa muda gani, mahali pangapi, watu wangapi. Sifuri isiyo na jasho ni uvivu uliovaa namba. Haddow mwenyewe alilijua hili. Wakamataji wake, vijana wa Uganda, walikaa kwa zamu saa 24 juu ya majukwaa ya mitini, miguu wazi kama chambo, wakiweka mbu wa kila saa kando. Saa zilizotoka tupu ndizo zilizoonyesha kwamba mbu aina ya Aedes africanus huuma zaidi huko juu kwenye vilele vya miti, muda mfupi baada ya jua kuzama. Katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, virusi vilivyopewa jina la msitu huo vilitolewa kwa tumbili namba 766 mwezi Aprili 1947, kisha kwa mbu hao Januari 1948. Tumbili ana namba inayojulikana dunia nzima. Waliojitoa kuumwa na mbu, nani anawataja?

Sasa tuje kwenye mvua, kazi ya kujitolea yenye mizizi mirefu kuliko zote hapa kwetu. Vituo vingi vya zamani havikuwa na mtaalamu wa hali ya hewa. Vilikuwa misheni, makao makuu ya saza (kaunti), mashamba ya chai, viwanda vya kuchambulia pamba, magereza. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilivunjika pamoja na Jumuiya 1977, na katika vurugu za miaka ile vituo vingi vilinyamaza. Anayetaka kuvifufua, au kuanzisha kipya shuleni, azingatie mambo yafuatayo.

Kipima mvua cha kawaida tulichorithi kina mdomo wa kipenyo cha milimita 127, na ukingo wake huwa sentimita 30 juu ya nyasi zilizofyekwa. Nyasi ni lazima. Udongo mtupu hurusha matone na matope ndani ya mdomo. Kikae mbali na mti au paa kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Mwembe wa mita 8 unataka mita 16. Kwenye boma lililozungukwa na migomba hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu migomba inakua: mahali palipokuwa wazi leo, baada ya miezi michache panafunikwa, na daftari linaanza kuonyesha ukame ambao haupo. Weka ua wa waya dhidi ya mbuzi. Kila Jumatatu chungulia ndani ya faneli; nyigu na buibui wanaipenda sana, na jani moja linatosha kuziba tundu.

Mdomo huo una eneo la sentimita za mraba 126.7, hivyo milimita 1 ya mvua ni mililita 12.7 za maji. Namba hiyo iandikwe kwa rangi juu ya kifuniko. Silinda ya kioo ikivunjika, na itavunjika, unapima kwa bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, kisha unagawanya kwa 12.7. Usiazime silinda ya kipima kingine. Silinda ya kipima chenye mdomo wa milimita 203 ukiitumia hapa, mvua ya milimita 25 itasomeka chini kidogo ya 10. Kosa hilo ni la siri sana, maana sifuri zinabaki sifuri na siku za mvua zinabaki siku za mvua. Utalitambua tu ukijumlisha mwaka mzima na kulinganisha na kituo jirani.

Kusoma ni saa 3 asubuhi kila siku, inyeshe isinyeshe. Silinda iwe juu ya meza au jiwe bapa, jicho liwe sawa na maji, na usome sehemu ya chini ya mpindo wa uso wa maji. Amueni siku ya kwanza kabisa kama kipimo cha saa 3 kitaandikwa tarehe ya leo au ya jana, muandike uamuzi huo kwenye jalada. Mvua zetu nyingi hushuka mchana na jioni, kwa hiyo anayebadili utaratibu katikati ya mwaka husogeza kila dhoruba siku moja, na ukilinganisha na picha za setilaiti hakuna kinachooana.

Safu ya kipimo ina majibu manne na si zaidi. Kwanza namba. Pili 0.0, kwa maana nimekwenda, nimeangalia, ni kikavu. Tatu "tone", yaani kuna unyevu lakini haufiki 0.1. Nne X, haikusomwa. Yule aliyerudi baada ya siku tatu anaweka X mbili, kisha anaandika namba na maneno "jumla ya siku 3". Asipofanya hivyo, milimita 62 za Ijumaa hadi Jumapili zitaonekana ni gharika ya siku moja, na mhandisi wa barabara atakayezitumia miaka kumi baadaye atachimba kalavati kubwa kuliko linalohitajika, au ataziona hazina maana na kulitupa daftari zima.

Nafasi tupu zina hila nyingine. Aprili ina siku 30. Tuseme zimesomwa 20 na kutoa milimita 120. Kompyuta ikijaza nafasi tupu kwa sifuri, mwezi unaandikwa 120. Kwa wastani wa siku zilizosomwa ungetarajia 180 hivi. Tofauti ya milimita 60 inatosha kumfanya mtu atangaze kwamba masika yamepungua.

Kuna njia tatu za haraka za kukagua kama daftari ni la kweli, na hazihitaji programu yoyote. Hesabu siku kavu kwa siku za juma: Jumapili zikiwa kavu kuliko Jumatano kwa mbali, si Mungu aliyezuia mvua ya sabato, ni msomaji aliyekuwa ibadani. Hesabu tarakimu za mwisho: zikijaa 0 na 5, watu wanakadiria kwa macho badala ya kusoma mistari. Tatu, angalia likizo. Kituo cha shule hupotea Desemba na Januari, na hiyo si hasara kubwa sana kwa sehemu nyingi za nchi. Lakini likizo ya Mei inaangukia mwishoni mwa masika, na ya mwisho wa Agosti inaangukia vuli ikianza. Shule iwe na mlinzi au jirani anayejua kusoma kipimo, naye atajwe kwenye jalada kama msomaji kamili, si kama msaidizi.

Kutuma kwa simu kunarahisisha, na kunaleta makosa yake. Kwenye simu ya kitochi nukta hupotea, 12.2 ikafika kama 122. Namba yoyote inayozidi 100 ipigiwe simu siku hiyo hiyo kabla msomaji hajasahau, na daftari la karatasi lisiachwe kamwe.

Matukio ya nadra yanataka mpango mwingine. Katika milima ya Rwenzori, tangu 2017 wapo waangalizi wa kujitolea wanaoripoti kwa simu janja maporomoko, mafuriko na matetemeko. Mto Nyamwamba ulipouvamia mji wa Kasese Mei 2013 na tena Mei 2020 hapakuhitajika mtu wa kutuambia. Yanayopotea ni maporomoko madogo, shamba moja la kahawa linaloteleza bondeni, na miezi ambayo hakuna lolote lililotokea. Fomu ya tukio peke yake haiwezi kuyashika hayo, kwa sababu inajazwa tukio likiwapo. Dawa yake ni fomu ya mwezi yenye maswali matatu tu: umepita njia zipi, umeona nini, na kama hukuona, weka alama ya hakuna. Swali la njia ndiyo safu ya jasho. Bila hilo, ramani ya maporomoko huwa ramani ya barabara za boda boda.

Malipo nayo. Ukilipa kwa kila tukio lililoripotiwa, matukio yataongezeka, na usimlaumu mtu. Lipa safari na bando, kiasi kile kile kwa anayeleta hakuna na anayeleta kumi, kwa mobile money, tarehe moja kila mwezi. Kuchelewa kwa malipo kunaua mtandao upesi kuliko udogo wake.

Mfano mzuri wa kazi yenye jasho lililopimwa ni wa konokono wa kichocho. Mwambao wa kusini wa Ziwa Albert, kuanzia 2020, watu wa vijiji vya huko wamekuwa wakichota konokono kila wiki mahali watu wanapoteka maji na kufulia, kwa wavu wenye mpini na kwa muda uliopangwa, ili wiki tupu na wiki iliyojaa zilinganishwe kwa haki. Anayetaka kuiga aanze na kutofautisha. Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo, amejikunja bapa. Konokono wengine, Bulinus na Lymnaea, wana ncha: shika ncha juu, tundu likikutazama, likiwa kushoto ni Bulinus, likiwa kulia ni Lymnaea. Gambuti ndefu na glavu za mpira hazina mjadala, kwa kuwa maji hayo hayo ndiyo yanayoambukiza. Mradi usioweza kununua gambuti usimpeleke mtu majini.

Na matokeo yarudi. Mwezi ukiisha, namba za kila kituo zibandikwe kwenye ubao wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kanisani au msikitini, kwa lugha inayosomwa pale. Bwera au Arua Kiswahili kitafika sokoni, lakini majina ya vijito na vilima yaandikwe kama Wakonzo au Walugbara wenyewe wanavyoyaita, la sivyo hakuna atakayetambua kwake. Wasomaji wanapoiona safu yao ya sifuri imechorwa pamoja na ya wengine, nafasi tupu hupungua zenyewe. Kabla ramani haijapelekwa wilayani, wakae kikao waseme ni nini kisichapishwe. Mwenye shamba lililoteleza ana sababu zake za kutotaka namba ya kiwanja chake ijulikane na wanunuzi.

Mwisho ni makabidhiano, ambapo mfululizo mwingi hukatika. Msomaji akihama, yeye na mrithi wake wasome pamoja wiki mbili, kila mmoja kwenye karatasi yake, bila kuchunguliana, kisha walinganishe. Tofauti ikizidi milimita 0.2 mara kwa mara, jicho la mmoja haliko sawa na maji. Daftari lililojaa lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, jalada likiwemo, kisha liwekwe kwenye debe la bati lenye kifuniko, juu ya matofali, mbali na ukuta wa udongo. Mchwa huanza na gundi ya jalada, na jalada ndilo lenye majina ya wasomaji.